Kisanduku cha Video Kisichosumbua na Namna ya Kukichagua

Kisanduku cha video ni kompyuta ndogo inayounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI ili kuonyesha filamu na vipindi, ama kutoka kwenye intaneti, ama kutoka kwenye flashi, diski au kompyuta iliyomo ndani ya nyumba. Ni tofauti na king'amuzi, kifaa kilichoenea Afrika Mashariki matangazo ya analojia yalipozimwa, Dar es Salaam mwishoni mwa 2012 na Kenya mwaka 2015. King'amuzi hupokea mawimbi ya vituo vya matangazo kwa antena au dishi. Kisanduku husoma faili. Ving'amuzi vingi vina tundu la USB na huweza kuonyesha filamu mojamoja kutoka kwenye flashi, lakini havikuundwa kwa kazi hiyo na hushindwa upesi.

Kutiririsha video kutoka YouTube au Netflix ni kazi nyepesi kwa kisanduku, kwa sababu kampuni inayotuma huwa na nakala kadhaa za video ileile na hukipa kila kifaa nakala inayokifaa. Faili iliyomo kwenye flashi haina wa kuitayarisha. Inaweza kuwa harusi iliyopigwa kwa kamera ya mwaka 2010, filamu ya Bongo iliyonakiliwa dukani, au video ya mtoto iliyochukuliwa jana kwa simu mpya. Hapo ndipo sauti hukosekana, picha hukwama, au ujumbe hutokea kwamba faili haitambuliki, na jioni ya familia ikaishia kwenye mipangilio badala ya filamu. Usumbufu huo, kwa sehemu kubwa, una chanzo kimoja: kisanduku kimepewa kazi ambayo hakikuundiwa. Kwa hiyo uchaguzi mzuri huanzia kwenye faili zilizopo nyumbani, kisha ndipo hutafutwa kifaa kinachozimudu.

Kilichomo ndani ya faili

Picha moja ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Kama nukta hizo zingehifadhiwa jinsi zilivyo, kwa picha 25 kila sekunde, video ya saa moja ingechukua takriban gigabaiti 560. Filamu nzima huenea kwenye flashi ndogo kwa sababu imebanwa kwa kanuni za kihisabati ziitwazo kodeki. Video ikibanwa kwa kodeki fulani, kifaa cha kuionyesha lazima kiijue kodeki hiyohiyo ili kuifumbua.

Kodeki zinazokutwa majumbani si nyingi. MPEG-2 ndiyo ya DVD. MPEG-4 ya awali, iliyojulikana zaidi kwa majina ya DivX na Xvid, ilitawala filamu zilizosambazwa miaka ya 2000. H.264 ilitolewa mwaka 2003 na hadi sasa ndiyo inayosomwa na vifaa vingi zaidi. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ilifuata mwaka 2013. Huhifadhi picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya nafasi inayohitajiwa na H.264, na ndiyo iliyomo katika filamu nyingi za 4K na katika video za simu nyingi za iPhone tangu mwaka 2017. VP9 ya Google, nayo ya 2013, na AV1 ya mwaka 2018 hukutwa zaidi kwenye YouTube na huduma nyingine za kutiririsha.

Herufi za mwishoni mwa jina la faili, kama mp4, mkv au avi, hazitaji kodeki. Zinataja kasha tu, yaani umbo linaloshika pamoja picha, sauti na manukuu. Kasha la MKV linaweza kubeba H.264 au HEVC, pamoja na sauti za lugha tatu na manukuu ya lugha kumi. Ndiyo maana kisanduku kinachotangazwa kuwa kinasoma MKV huweza kuonyesha filamu moja bila tatizo, kisha kikakataa ya pili yenye herufi zilezile. Njia rahisi ya kujua kilichomo ni kuifungua faili kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale ya Paris mwaka 1996, na kusoma taarifa zake za kodeki. Mnunuzi akipitia faili zake chache za aina mbalimbali namna hiyo, atakuwa na orodha ya mambo ambayo kisanduku chake hakina budi kuyaweza.

Chipu na kazi yake

Kuna njia mbili za kufumbua video. Ya kwanza ni kutumia sehemu maalumu ya chipu iliyoundwa kwa ajili ya kodeki fulani. Sehemu hiyo hutumia umeme kidogo, haipashi kifaa joto, na haichoki hata filamu ikiwa ya saa tatu. Ya pili ni kuiachia prosesa kuu ifanye hesabu zote kwa programu. Njia hii inawezekana kwenye kompyuta kubwa, lakini prosesa ya kisanduku kidogo hulemewa upesi. Picha ya 4K ina nukta mara nne za HD kamili, na kisanduku kisicho na sehemu maalumu ya kodeki husika hupata joto, hupunguza kasi ili kujiokoa, na picha huanza kukatika.

Kwa sababu hiyo, maandishi makubwa ya nje ya boksi hayatoshi. Kisanduku kinaweza kuandikwa 8K na kuwa na kumbukumbu kubwa, lakini kikashindwa na faili ya kawaida. Kinachopaswa kusomwa ni orodha ya kodeki ambazo chipu yenyewe inazifumbua. Kwa anayenunua leo, H.264 na HEVC ni za lazima, na HEVC iwe pamoja na ile ya rangi za biti 10, kwa kuwa filamu nyingi za 4K zimebanwa hivyo. VP9 inahitajika kwa YouTube ya ubora wa juu. AV1 haijawa ya lazima kwa faili za nyumbani, lakini hukiongezea kifaa umri.

Hata vifaa vyenye sifa njema vina mapengo. Apple TV 4K ya mwaka 2022 na Nvidia Shield TV Pro ya mwaka 2019 hazina sehemu ya AV1. Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ya mwaka 2023, ina sehemu ya HEVC lakini haina ya H.264, hivyo huitegemea prosesa kuu, ambayo ina nguvu za kutosha kwa HD kamili. Aina moja ya faili huzishinda karibu chipu zote: H.264 ya biti 10, iliyotumika sana katika katuni za Kijapani. Mwenye faili nyingi za aina hiyo anahitaji kifaa chenye prosesa yenye nguvu, au azigeuze kwanza kwenye kompyuta.

Sauti inapokosekana

Picha ikionekana vizuri bila sauti, kosa mara nyingi haliko kwenye spika. Sauti nayo hubanwa kwa kodeki zake. AAC husomwa karibu kila mahali. Dolby Digital, ambayo pia huandikwa AC3, na DTS zilianzia kwenye majumba ya sinema mwanzoni mwa miaka ya 1990, na matumizi yake yamekuwa yakilipiwa leseni. Watengenezaji wengine huepuka gharama hiyo. Televisheni za Samsung, kwa mfano, ziliacha kusoma DTS kuanzia matoleo ya 2018. Filamu yenye DTS ikitumwa kwenye televisheni isiyoijua, husikika kimya kitupu.

Kisanduku kinachofaa huwa na uwezo wa kufanya mambo mawili. Kwanza, kuifumbua sauti chenyewe na kuituma kwenye televisheni ikiwa katika umbo la kawaida liitwalo PCM, ambalo kila televisheni hulipokea. Pili, kuipitisha ilivyo kwa nyumba iliyo na mtambo wa sauti wa kuifumbua. Programu za Kodi na VLC hufumbua DTS na Dolby zenyewe. Nyumba isiyo na mtambo maalumu inatakiwa kuzima upitishaji wa sauti kwenye mipangilio mara moja tu, na tatizo huisha.

Picha inaporukaruka

Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kila sekunde. Kamera zinazouzwa Afrika Mashariki, ambako umeme ni wa hezi 50 na matangazo yalifuata mfumo wa PAL, kwa kawaida hurekodi fremu 25 au 50. Visanduku vingi, kwa upande wao, hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kutuma picha 60 kila sekunde. Fremu 24 au 25 haziwezi kugawanywa sawasawa ndani ya 60, kwa hiyo baadhi huonyeshwa muda mrefu kuliko nyingine. Matokeo yake huonekana kamera inapogeuka polepole: picha husogea kwa mishtuko midogo, na mtazamaji huhisi kuna kasoro asiyoweza kuitaja.

Tiba yake ni kisanduku kinachobadilisha chenyewe kasi ya kutuma picha ili ifuate kasi ya faili. Apple TV ilipata uwezo huo kwa sasisho la mwisho wa 2017, na Kodi inao kwenye mipangilio yake ya video. Sifa hii haiandikwi nje ya boksi, lakini kwa anayependa filamu ina uzito kuliko nusu ya sifa zilizoandikwa.

Video za harusi na mahafali za zamani zina jambo jingine. Kamera za AVCHD, mfumo ulioanzishwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, nyingi zilirekodi kila picha katika nusu mbili: mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa. Kisanduku kisichoweza kuziunganisha nusu hizo huonyesha kingo zenye meno kama ya kitana kila mtu anapotembea. Kodi na VLC huziunganisha, lakini programu nyingi zinazokuja na visanduku vya bei nafuu haziwezi.

Manukuu

Manukuu, yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, yapo ya aina mbili. Ya kwanza ni maandishi halisi, kama ya faili za SRT, na kifaa huyachora chenyewe kwa ukubwa anaoutaka mtazamaji. Ya pili ni picha za maandishi, kama zinazotoka kwenye DVD na Blu-ray. Si kila programu huzisoma picha hizo.

Faili ya SRT iliyo pembeni ya filamu hupatikana yenyewe ikiwa ina jina lilelile la filamu na imewekwa kwenye folda moja nayo. Maandishi ya Kiswahili hayana taabu. Ya Kiarabu, yanayotumika sana katika nyumba za Oman na Ghuba, hugeuka alama zisizosomeka ikiwa faili haikuhifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Kuifungua kwenye kompyuta na kuihifadhi upya kwa UTF-8 mara nyingi huondoa tatizo.

Flashi, diski na umeme

Flashi nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, unaosomwa na karibu kila kifaa lakini haukubali faili moja kufikia gigabaiti 4. Filamu ndefu ya HD huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Mfumo wa exFAT, ulioletwa na Microsoft mwaka 2006, hauna kikwazo hicho, na NTFS ya Windows pia haina. Kabla ya kununua, ni muhimu kujua kama kisanduku kinasoma exFAT na NTFS, kwani baadhi husoma FAT32 pekee.

Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Diski inayozunguka huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka, na isipoupata husikika ikigonga au hutoweka kwenye orodha. Hapo hutumika kigawio cha USB chenye adapta yake ya umeme, au diski inayojitegemea kwa umeme. Flashi na diski za SSD hazina sehemu inayozunguka na hustahimili zaidi.

Umeme ukikatika wakati kifaa kinaandika kwenye diski, data huweza kuharibika, na exFAT huathirika zaidi kwa sababu haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokuwa inaendelea. Panapokatika umeme mara kwa mara, diski ya filamu itumike kusomwa tu, na picha za familia zisizoweza kurudiwa ziwe na nakala mahali pengine.

Faili zikiwa kwenye kompyuta nyingine

Kaya yenye filamu nyingi huweza kuziweka kwenye kompyuta moja na kuzitazama kwenye televisheni yoyote ya nyumba. Programu kama Plex na Jellyfin hufanya kazi hiyo. Jellyfin, iliyoanza mwishoni mwa 2018, ni ya bure kabisa. Kisanduku kikimudu faili jinsi ilivyo, kompyuta huituma tu na haitaabiki. Kisipoimudu, kompyuta hulazimika kuibana upya filamu huku inatazamwa, kazi inayohitaji prosesa yenye nguvu. Hata manukuu ya picha peke yake huweza kuilazimisha kompyuta kufanya hivyo, na hicho ni chanzo cha kukwama ambacho wengi hawakidhanii. Kwa hiyo kanuni haibadiliki: kisanduku kinachofumbua kila kitu chenyewe huipa nyumba nzima utulivu.

Njia ya kupitishia faili nayo ina kipimo chake. Filamu ya HD huhitaji megabiti chache kwa sekunde, lakini nakala kamili ya Blu-ray ya 4K huweza kufikia megabiti 128. Tundu la waya wa mtandao la megabiti 100, lililomo katika visanduku vingi vya bei ya chini, haliitoshi. Kwa Wi-Fi, mawimbi ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini hudhoofishwa na kuta, ilhali ya 2.4 hupenya mbali zaidi na husongwa na vifaa vya majirani. Waya kutoka kwenye ruta ndiyo njia ya uhakika zaidi. Kutazama hivi hakumalizi bando la intaneti, kwa kuwa faili haitoki nje ya nyumba.

Mfumo unaoaminika

Visanduku vingi vya bei nafuu hutumia Android isiyothibitishwa na Google. Hasara ya kwanza ni kwamba huduma kama Netflix huweza kukataa kufunguka, au huonyesha picha ya ubora wa chini. Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Septemba 2024 kampuni ya usalama ya Doctor Web ya Urusi ilitangaza kuwa takriban visanduku milioni 1.3 vya Android katika nchi 197 vilikuwa vimeambukizwa programu hasidi iitwayo Vo1d. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya majumbani, vikiwemo visanduku vya video, ambavyo vingine viliingizwa programu hasidi kabla hata ya kumfikia mnunuzi. Kifaa cha namna hiyo huwaruhusu wahalifu kupitisha shughuli zao kwenye intaneti ya familia isiyo na hatia. Hakuna unafuu wa bei unaolipa madhara hayo.

Uthibitisho huangaliwa kwenye Duka la Play la kifaa chenyewe, sehemu ya mipangilio inayotaja Play Protect. Kisanduku kinachomtaka mtumiaji azime ulinzi huo, au kinachouzwa kwa ahadi ya chaneli zote za kulipia bila malipo, kiachwe dukani.

Aina tatu zinazofaa

Aina ya kwanza ni visanduku vya Android TV au Google TV vilivyothibitishwa. Huwekwa Kodi au VLC, husoma flashi, na huendesha huduma za kulipia bila vikwazo. Google TV Streamer ya mwaka 2024 ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na tundu la waya wa mtandao, lakini ina USB-C moja tu, hivyo flashi ya kawaida huhitaji kigawio. Shield TV Pro ni ghali zaidi, lakini ina matundu mawili ya USB 3.0, na familia yake ya vifaa imeendelea kupewa masasisho kwa takriban miaka kumi tangu 2015.

Aina ya pili ni Apple TV 4K. Ni nyepesi kutumia na hudumu, ila haina tundu la USB la kuchomeka flashi. Inamfaa mwenye faili kwenye kompyuta au diski ya mtandao, akitumia programu kama Infuse au VLC.

Aina ya tatu ni Raspberry Pi yenye LibreELEC, mfumo mdogo uliotengenezwa kwa lengo moja, kuendesha Kodi. Kodi ilianza mwaka 2002 kwenye mashine ya michezo ya Xbox na kuchukua jina lake la sasa mwaka 2014. Raspberry Pi 4 husoma H.264 ya HD na HEVC ya 4K kwa chipu yake, ina matundu manne ya USB, na huweza kuongozwa kwa rimoti ya televisheni yenyewe. Huhitaji kazi ya kuiandaa mwanzoni, lakini ikishaandaliwa haina matangazo wala programu zisizotakiwa. Haifai kwa anayetegemea Netflix.

Jaribio kabla ya kulipa

Uhakika hupatikana kwa jaribio. Mnunuzi aende dukani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, na flashi iliyopangwa kwa exFAT yenye faili tano zake mwenyewe: video ya simu, harusi ya kamera ya zamani, filamu ya MKV yenye sauti ya DTS, filamu ya HEVC inayozidi gigabaiti 4, na filamu yenye manukuu. Kila moja ifunguliwe, isogezwe mbele hadi katikati, isimamishwe na kuendelezwa. Iangaliwe kama kuna sauti, kama midomo na maneno vinakwenda pamoja, na kama manukuu yanaonekana. Ndefu kuliko zote iachwe icheze angalau dakika ishirini, muda wa kutosha kwa joto kuanza kuonyesha athari zake, kisha kifaa kiguswe.

Kisanduku kikifika nyumbani hupangwa mara moja: kulinganisha kasi ya fremu kuwashwe, sauti iwekwe kwenye PCM ikiwa hakuna mtambo wa nje, na masasisho yaruhusiwe. Kiwekwe mahali penye hewa, si nyuma ya televisheni pasipopitisha joto. Aina mpya ya faili ikitokea baadaye na kukataliwa, huchunguzwa kodeki yake kwa VLC, kisha hugeuzwa kwenye kompyuta kuwa H.264 yenye sauti ya AAC ndani ya kasha la MP4, mchanganyiko unaosomwa na karibu kila kisanduku kilichopo sokoni.